Fungu la Migongo

Leokadia mwanangu,

Salamu nitaziruka. Tunalala nyumba moja, tunakula chungu kimoja, na tangu Jumapili shikamoo yako inatoka midomoni huku macho yako yakiwa ukutani. Na mimi marahaba yangu naitupa hivyo hivyo. Mama na mwana tunasalimiana kama watu waliokutana kituo cha polisi. Basi nimeona nikuandikie, maana mdomo wangu unaujua. Ukifunguka unaunguza hata wasiohusika.

Nipo hapa sokoni Mazwi kwenye biashara yangu ya vitabu, mchana, saa hizi ambazo wateja hawaji kwa sababu ya upepo. Wewe uko kwa shangazi yako unaaga. Upepo unafunuafunua vitabu na haununui, tabia ya wateja wengi tu, kwa hiyo nimeviwekea mawe. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako jioni. Uisome leo, kabla basi la Mbeya halijakuchukua. Cha kusomea kwenye basi nimekuwekea kwenye boksi.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, kuchemsha maji na kwenda misa. Hayo shangazi zako wamekuimbia wiki nzima. Mimi nataka tuongee juu ya Jumapili.

Uliingia na bahasha ya khaki. Sebuleni wamejaa watu wa jumuiya waliokuja kukupongeza kwa kupata kazi ya kutengeneza vitabu. Ukaniambia, "Mama, fumba macho." Nikafumba, mjinga mimi, natabasamu. "Haya fumbua. Si nilikwambia nitakutoa?" Nikafumbua, nikajikuta juu ya jalada la kitabu. Mimi kwa nyuma, nimeinama na ungo kwenye uwanja wa ulezi, miguu mitupu, kanga yangu ya kazini iliyochanika pembeni. Na juu ya kichwa changu maandishi makubwa mekundu ya kuwahimiza akina mama wasiojua kusoma wala kuandika.

Wakapiga vigelegele. Jirani yetu Mama Oresta akasema, "Mama Leo, umetoka vizuri jamani, mgongo wako huohuo!" Mimi nikakilaza kitabu kifudifudi mezani, nikaenda jikoni kusonga ugali ambao ulikwisha kuiva.

Ukanifuata. "Mama, hii ndiyo kava iliyonipa kazi. Huwezi kusema hata asante?"

"Asante ya nini?"

"Ungesema tu kwamba huipendi."

"Siipendi."

Ndipo ukasema, "Hakuna kitu changu hata kimoja ulichowahi kukipenda." Ukatoka. Neno hilo limekaa kifuani kwangu tangu siku ile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema hilo mara nyingi kwa ajili ya watu wengine, sikudhani kuna siku nitalisema kwa ajili yako.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Kwenye barua huwezi, na hiyo ndiyo raha yake.

Umekulia juu ya turubai hili ninalotandazia vitabu. Unajua ninavyopanga, ila sidhani kama niliwahi kukwambia sababu. Nilipoanza nilipanga kama mtu aliyesoma: dini huku, hadithi huku, vya shule kule. Hakununua mtu. Mteja wa hapa anasimama na baiskeli yake, hashuki, anauliza, "Kile chenye mto kipo?" Ukimuuliza cha nani, anakushangaa. Sasa ningefanyaje? Nikaacha usomi, nikapanga kwa picha za majalada. Fungu la maji nikaliweka karibu na barabara, kwa ajili ya watu wa ziwani, wa Kirando na Wampembe, wanaopanda na dagaa zao. Fungu la ng'ombe kwa Wasukuma wa bondeni. Fungu la njia na milango kwa vijana wanaotaka kuondoka, na vijana wote wanataka kuondoka. Fungu la wanaume waliokunja mikono kifuani wanakutazama machoni, hao wa kukufundisha utajiri. Na fungu la wanawake.

Wewe mwenyewe ulikuwa unanisaidia kuchambua. Siku moja, ungali mdogo, ukaniuliza, "Mama, mbona hawa akina mama wote wamenuna, hawataki kututazama?" Nikacheka. Fungu zima, Leo. Huyu kabeba mtungi anaelekea mlimani. Huyu yuko dirishani. Huyu ana mtoto mgongoni anatembea kwenye vumbi. Wanaume wanakutazama usoni, wanawake wanakuonyesha mgongo. Tangu siku ile tukaliita fungu la migongo, na ndilo lililokuwa likiuza kuliko yote. Nililiweka mbele. Tia akilini hilo, nitalirudia.

Majalada ni waongo, hilo nililijua mapema. Mzee mmoja wa Kirando alichukua kile chenye mtumbwi mwekundu ili akisome njiani. Akarudi na gunia lake la dagaa na matusi juu. "Mama, humu hamna hata tone la maji! Ni makarani wanagombania kiti!" Na yule mzee wa Kisukuma aliyekuwa akinunua kila chenye ng'ombe, mjukuu wake anamsomea jioni, mpaka akaangukia kitabu cha kodi kwa sababu tu mbele kuna ng'ombe wa maziwa. Nilicheka nikashika mbavu. Nilidhani uongo wa majalada ni wa kuchekesha tu.

Sasa nakuja kwenye nisichowahi kukwambia.

Kaka yako Kasiani unamjua kwa kaburi, na kwa jina tunalolitaja kwenye misa ya marehemu. Umewahi kuniuliza alifananaje, nikakujibu kwamba hatukuwa na picha. Nilikudanganya. Picha ipo.

Tulikuwa bado tunakaa kijijini kwa bibi yako, chini ya milima ya Mbizi. Ulezi ulikwisha kuvunwa, nyasi zimekauka zote, na ule upepo wetu wa baridi unaopita kwenye mifupa. Nilikuwa natoka kanisani, nimevaa gauni na viatu vyangu vya kufungia harusi. Kasiani yuko mgongoni amelala, ameshiba, mashavu yamejaa, na kichwani ana kofia nyekundu ya sufu aliyoifuma bibi yako kwa mikono yake. Pale njiani amesimama mgeni na kamera, pamoja na kijana wa kumtafsiria. Kutoka wapi, kwa kazi gani, sikuuliza. Nani angeuliza? Mgeni ni mgeni.

Kijana akaniambia, "Anaomba akupige picha. Ila anasema uvue viatu."

"Kwa nini?"

"Anataka iwe ya asili."

Nikavua. Akasema nijifunge kanga kuukuu juu ya gauni, nikaazima ya mwanamke aliyekuwa anapita na kuni. Mgeni akazunguka nyuma yangu, akatazama, akatikisa kichwa. Kijana akaniambia, "Anasema na mtoto avue kofia."

"Kuna baridi."

"Ni dakika tu, dada."

Leokadia, nikaivua. Mkono huu huu unaoshika kalamu ndio ulioivua. Huku kwetu mtoto mchanga anavishwa kofia kabla hajapewa jina. Hakuna mwanamke wa nchi hii anayemtoa mtoto nje kichwa wazi wakati wa upepo, hata kichaa. Lakini yule mgeni alikuwa ametoka kwao akitafuta nchi ya jua kali. Akaikuta Ufipa na baridi yake, na badala ya kubadilisha mawazo yake akanibadilisha mimi. Na dakika haikuwa dakika. Alinirudisha, akanipeleka, akaniinamisha. Kasiani akaamka akaanza kulia. Mwisho nikapewa mche wa sabuni na ahadi kwamba picha itakuja.

Nilipofika nyumbani bibi yako akamshika mtoto masikio, akayakuta yamekuwa barafu. Akaniambia kwa Kifipa maneno ambayo nikiyaweka kwa Kiswahili yanapoa: "Umemvua mjukuu wangu ili mgeni afurahi?" Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Kasiani hakuiona masika. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, na malaria haiji kwa kuvuliwa kofia. Najua. Nimejiambia hivyo miaka yote. Lakini kujua ni kichwani, na mtoto alikuwa mgongoni.

Picha haikuja. Tukahamia mjini, ukazaliwa wewe, watu wakaacha kuniita Mama Kasiani wakaniita Mama Leo, kwa huruma yao, ili wasinikumbushe. Nikaanza biashara ya vitabu. Halafu siku moja, nafungua boksi la mtumba wa vitabu kama kawaida, nachambua, maji huku, ng'ombe huku. Nikashika kimoja kigumu, cha Kiingereza, nikaona mgongo. Mkono ukaenda wenyewe kukitupa kwenye fungu lake. Ndipo nikauona mguu mdogo umetokeza kwenye kanga, na utosi. Utosi wa mtoto nitakosa kuujua, mimi niliyeunyoa?

Juu yake palikuwa na neno moja kubwa la Kiingereza. Nililifahamu, nimelisoma darasa la sita. Njaa.

Mwanangu aliyelala ameshiba maziwa yangu! Nilikaa chini katikati ya turubai. Mteja akaniuliza kama naumwa. Usiku ule nilimwonyesha baba yako, Mungu amrehemu. Akalitazama jalada, akachukua shoka akatoka kupasua kuni gizani. Tulikuwa na kuni za kutosha. Nikakifunua ukurasa kwa ukurasa kutafuta jina letu. Halimo. Mwenye kamera ametajwa, kwa herufi ndogo, lakini ametajwa.

Ungedhani baada ya hapo nilichoma fungu la migongo lote. Hata! Kesho yake nililipanga mbele kama kawaida, maana lilikuwa linauza, na ada yako ya shule ilitoka humo. Mkuki kwa nguruwe. Wale wanawake wengine na watoto wao wana mama zao mahali, wana majina, nami nimewauza kwa miaka mingi bila kuuliza hata mmoja anaitwa nani. Kwa hiyo usifikiri naandika haya kama mtakatifu. Naandika kama mtu aliyekula njama na sasa imemrudia nyumbani kwake.

Imerudi na wewe, Leo. Ndiyo sababu sikuweza kusema asante.

Ulinipiga picha ile kwa simu yako wakati wa kupepeta. Sikukuona. Nilikuwa nimevua viatu kwa sababu hakuna anayeingia na viatu uwanja wa ulezi, tusije tukala mchanga, wewe unajua, na wewe siku ile ulikuwa umevua vyako. Lakini kwenye jalada haimo hiyo sababu. Kuna mwanamke maskini asiye na viatu, asiyejua kusoma. Mimi! Ninayesoma mpaka karatasi za kufungia vitumbua! Nimekusomea kila kitabu kilichopita hapa kabla sijakiuza. Yule mgeni angalau alikuwa mgeni, angalau kijana wake aliniomba. Wewe umetoka tumboni mwangu na hukuniomba. Mara mbili nimewekwa juu ya kitabu katika maisha yangu, zote mbili kwa mgongo, zote mbili kwa uongo. Na ya pili imeniuma zaidi.

Nimelisema. Sasa nenda kafungue boksi.

Kutoka fungu la maji nimekuwekea kimoja tu, kilekile cha mtumbwi mwekundu kilichomuudhi mzee wa Kirando. Makarani wake ni wabaya kweli, na utakutana na watu kama wao huko ofisini. Kisome mapema.

Kutoka fungu la njia kuna viwili. Chenye reli kina mwanzo wa kuchosha, vumilia mpaka yule binti anapoiba funguo. Chenye njia ya matope kinahusu mtu aliyerudi kwao akakuta hakuna anayemdai wala anayemkumbuka. Hicho nakuomba usikisome ukiwa peke yako Jumapili.

Wanaume waliokunja mikono sikukuwekea. Watakutosha wale wa huko.

Vilivyobaki vyote ni migongo. Visome kwanza, halafu kila unapomaliza kimoja geuza ukitazame jalada lake tena. Yule wa mtungi: ndani hakuna mtungi, Leo, wala mlima. Ndani kuna mwalimu wa hesabu aliyegombea shamba la baba yake na kaka zake watatu akawashinda wote. Yule wa dirishani: ndani ni mjane mwenye mashine ya kupasua mbao, ana mdomo mchafu kuliko wangu, nimempenda sana. Yule mwenye kanga ya njano anatembea kwenye vumbi: huyo ni mkunga, na kitabu kizima hajatembea kwenye vumbi hata mara moja, amekaa kizimbani anajibu maswali, na majibu yake yatakunyima usingizi. Nani aliwageuza? Kuna mtu alikaa mezani, akaletewa maisha ya mwanamke kurasa mia na kitu, akasema tafuta mgongo. Kuanzia wiki ijayo mtu huyo ni wewe. Watakuambia migongo inauza. Ni kweli inauza, muulize mama yako.

Huko wakisikia umetoka Sumbawanga watakucheka, watakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo. Mji wetu nao wameuwekea jalada la uchawi na radi, na hakuna anayefungua ndani. Utakasirika. Ukikasirika, kumbuka hasira hiyo siku utakayotafutiwa mama wa watu ili awe sura ya njaa, au ya ujinga, au ya ugonjwa. Sina ushauri mwingine. Na huo nao si ushauri, ni kidonda nakuonyesha.

Juu kabisa ya boksi, ndani ya mfuko wa nailoni, utakuta jalada lile la zamani. Nimekata lile neno kwa mkasi. Nilitaka kulikata siku ileile, mkono ukawa unakataa miaka yote, nikiogopa kuigusa picha yenyewe. Leo nimekata. Amebaki kaka yako, mguu mmoja na utosi. Nyuma nimeandika jina lake kwa kalamu ya wino. Mchukue. Mimi namjua kwa macho, wewe hujawahi kumwona.

Kitabu chako nacho nimekitoa kifudifudi, nimekisimamisha kabatini penye sahani za wageni. Usidhani nimekipenda. Ni chako, basi.

Na jambo la mwisho. Kesho alfajiri, kabla pikipiki ya kukupeleka stendi haijaja, nitakuwa nimekaa kwenye kiti pale mlangoni. Nitakuwa nimevaa gauni la kitenge na viatu. Kichwani nitavaa ile kofia nyekundu ya kaka yako, imebana lakini inaingia juu ya nywele zilizobaki. Nitakuwa nakutazama. Simu yako itakuwa mkononi kama kawaida yako. Usiniambie nitabasamu, kwa sababu sitatabasamu.

Lakini uniombe kwanza. Uone kama nitakataa.

Ni mimi,
Editruda, Mama Kasiani na Leokadia